KUNUNUA GARI KUUKUU LA MAGURUDUMU MANNE KWA ASIYEJUA UFUNDI



Ndugu msomaji, ukipita Mtaa wa Jules siku ya Jumamosi asubuhi, kutoka upande wa Jeppestown mpaka huku kwetu Malvern, utadhani magari yote yaliyozeeka katika Afrika ya Kusini yameagana kukutana katika njia hii moja. Mtaa huu, ambao husemwa kuwa ndio mrefu kuliko mitaa yote iliyonyooka ya Johannesburg, una viwanja vya kuuzia magari upande huu na upande ule. Bei zimeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya vioo vya mbele, matairi yamepakwa dawa mpaka yanameremeta, na kila boneti limesuguliwa. Na miongoni mwa magari hayo yapo yale ambayo sisi watu wa Afrika Mashariki hatuwezi kuyapita bila ya kugeuza shingo: Land Cruiser, Prado, Pajero, Patrol, na zile baki za Hilux na Isuzu zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Hatuna haja ya kuoneana haya katika jambo hili. Gari la namna hiyo kwetu si chombo cha kusafiria tu. Tumekua tukiliona likimchukua mkuu wa wilaya, daktari wa mradi na mjumbe wa Umoja wa Mataifa, nasi tukilikimbilia kwa nyuma ndani ya vumbi. Mtu aliyetoka Kigoma, Lamu au Uvira na mkoba mmoja, akalinda maduka ya watu usiku kwa miaka sita, siku anapoona kuwa anaweza kulimiliki gari kama lile kwa fedha taslimu, bila ya mkopo wa riba, moyo wake humtangulia sokoni. Na hapo ndipo anapoliwa.

Mimi mwandishi wa makala haya si fundi. Sijui kufungua hata plagi. Nilichonacho ni hasara niliyoipata mwenyewe, na yale niliyoyauliza kwa mafundi, kwa watu wa sheria na kwa masheikh baada ya hasara hiyo, jambo ambalo ningelifanya kabla.

Ilikuwa mwaka 2016. Tulikuwa tumekusanya randi 95,000, mimi na mke wangu, kwa nia ya kwenda Tanga kwa njia ya barabara ili mama yangu awaone wajukuu wake ambao alikuwa hajawaona. Dalali mmoja, ndugu yetu katika dini na mwenye lugha yetu, aliniambia baada ya sala ya Ijumaa kuwa amepata gari la viti saba, la dizeli, lenye kilomita 214,000, na kwamba kuna mtu mwingine anayelitaka jioni ile ile. Nilipofika uwanjani nilikuta injini inanguruma. "Nimeliwasha mapema, sheikh, ili usingoje," aliniambia muuzaji. Mimi nikaona ni adabu. Nikazunguka gari mara mbili, nikapiga tairi teke kama nilivyowaona watu wakifanya, nikakaa katika kiti, nikapenda harufu ya ndani, nikatia saini.

Siku ya 11 tulikuwa katika barabara ya N1, tumekwisha kupita Polokwane na Louis Trichardt, tunapanda milima ya Soutpansberg kuelekea Beitbridge. Kabla ya kufika kwenye mahandaki, mshale wa joto ulipanda mpaka juu, mvuke ukatoka chini ya boneti, na gari likazima na watoto wanne ndani. Fundi wa kule alipofungua alikuta silinda hedi imepasuka, na ufa wenyewe haukuwa wa siku ile. Ndani ya rejeta mlikuwa na tope la ile dawa inayouzwa madukani ya kuziba mivujo. Mtu aliyelitia alijua alichokuwa akikificha. Gari la kukokota, matengenezo na malazi vilinigharimu randi 38,000 nyingine, nilizozikopa kwa watu. Tanga hatukufika mwaka ule, na mama yangu alifariki kabla ya sisi kupata nauli nyingine. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwa miezi mingi nilijilaumu kwa kutojua ufundi. Lakini fundi yule wa Louis Trichardt aliniambia neno ambalo mpaka leo nalifikiria: kwamba angekuwapo yeye pale uwanjani, injini ikiwa moto namna ile, naye angeweza kudanganyika. Kilichonidhuru si kutojua kushika spana. Ni kwamba nilikubali kuonyeshwa gari jinsi muuzaji alivyopenda lionekane.

Wengi wetu tumesoma madrasa kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomwuliza mwenye nafaka, yule alijitetea kuwa ni mvua, naye Mtume akamlaumu kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Masheikh hutusomea kisa hiki kumwonya muuzaji, na ndivyo kilivyo. Lakini mnunuzi naye anajifunza mambo mawili: kwamba kutia mkono ndani ya rundo la mtu si utovu wa adabu, na kwamba hakuhitajiki uhodari wa kilimo ili kujua kuwa nafaka imelowa.

Kabla ya kutia mkono, hata hivyo, mtu ajiulize kama rundo lenyewe analihitaji. Nasema hili nikijua kuwa litawaudhi baadhi ya wasomaji wetu. Familia yenye watoto watano, inayokwenda sokoni, shuleni na msikitini ndani ya Johannesburg, haihitaji kuvuta kwa magurudumu manne. Land Cruiser ya petroli ya lita 4.5, ya miaka ya 1990, hunywa mjini lita 18 mpaka 20 kwa kila kilomita 100. Gari la kawaida la familia hunywa nusu ya hizo au pungufu. Tena kila kinachoongezwa ili magurudumu manne yavute, yaani difu ya mbele, propela ya pili na giaboksi ndogo iliyo kando ya ile kubwa, ni kitu cha ziada cha kuvuja, kulika na kununuliwa spea. Anayefanya biashara ya kupeleka mizigo vijijini Malawi au Zambia, au mwenye nia ya kurudi nalo nyumbani ambako barabara ya shamba lake huwa tope miezi mitatu, huyo analo la kujibu. Wengine tunataka kuonekana.

Na kwa mwenye nia ya kurudi nalo, aulize ushuru kwanza. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa kwa mara ya kwanza. Tanzania hupokea, ila huongeza ushuru wa uchakavu kwa gari lililopita umri huo, na mtu aweza kufika Tunduma akakuta anadaiwa fedha zinazokaribia bei aliyolinunulia.

Basi tukiwa tumekubaliana kuwa gari linahitajika, kazi ya kwanza hufanywa nyumbani, na ni ya karatasi. Mgeni asiye na kitambulisho cha Afrika ya Kusini hawezi kuandikisha gari kwa jina lake mpaka awe na namba ya usajili wa barabarani, ambayo hutolewa na ofisi za leseni kwa mwenye pasipoti au karatasi za ukimbizi. Foleni zake zinajulikana. Ipatikane namba hiyo kabla ya fedha kutoka mfukoni, kwa sababu tangu siku ya kununua, mnunuzi ana siku 21 tu za kuliandikisha. Wako ndugu zetu waliochoshwa na foleni wakaliandikisha gari kwa jina la rafiki. Rafiki akahama, au akafariki, au urafiki ukavunjika, na gari likawa si lao mbele ya sheria.

Katika cheti cha usajili yamo majina ya aina mbili: mmiliki, na mwenye hati. Ikiwa penye mwenye hati limeandikwa jina la benki, gari hilo bado liko katika deni, na aliyesimama mbele yako hana cha kukuuzia mpaka benki imalizwe. Kisha soma namba ya chesisi iliyo ndani ya cheti, uilinganishe na ile iliyopigwa juu ya chuma chenyewe. Katika magari mengi ya Toyota ya aina hii yenye chesisi, namba hiyo hupigwa juu ya boriti la chesisi karibu na gurudumu la mbele la kulia. Chukua kitambaa, pangusa udongo, soma namba kwa namba. Ukikuta mahali pamekwanguliwa, au pana rangi mpya peke yake katikati ya chuma kikuukuu, ondoka bila ya kuuliza sababu.

Liko tena jambo la magari ya Japani yanayoshushwa bandarini Durban kwa safari ya kwenda Zimbabwe, Zambia, Malawi na kwingineko. Magari hayo ni mazuri na bei zake huvutia. Lakini sheria za hapa haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini bila ya kibali cha tume ya biashara ya kimataifa, ITAC, na vibali hivyo hutolewa kwa watu wachache wenye sababu maalumu. Gari la namna hiyo likiuzwa kichinichini hapa Johannesburg, liwe na namba za nchi jirani au lisiwe na namba kabisa, mnunuzi hawezi kuliandikisha, na polisi akilisimamisha anaweza kulichukua. Anayekuambia kuwa anamjua mtu wa kulitengenezea karatasi anakuuzia kesi.

Muuzaji huenda akakuonyesha kile cheti cha kufaa kwa barabara ambacho sote tumezoea kukiita rodiwathi. Ni karatasi ya lazima katika kubadili jina, lakini isikufanye ulale usingizi. Wanaoitoa hutazama breki, taa, usukani, matairi na mfano wa hayo. Hawapimi afya ya injini, wala hawajui kama giaboksi itafika Beitbridge.

Sasa twende uwanjani.

Nenda asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji tangu jana kuwa unataka kulikuta gari limelala. Ukifika, kabla ya kusalimiana na mtu yeyote, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, mwambie utarudi kesho. Injini iliyochoka huficha mengi ikishapata moto: ugumu wa kuwaka, moshi wa mwanzo na mgongano wa vyuma ambavyo oili bado haijavifikia. Hili ndilo lile "nimeliwasha ili usingoje" lililonigharimu mimi safari ya Tanga.

Injini ikiwa baridi, na ikiwa baridi tu kwa sababu maji ya moto huunguza uso, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe masafi na yenye rangi ya dawa yake, ya kijani au nyekundu. Yakiwa kama maji ya kutu, au yana mafuta yanayoelea juu, au tope, hayo ndiyo yaliyokuwamo katika gari langu. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili, na utazame chini ya kifuniko cha kutilia oili. Oili nyeusi katika injini ya dizeli si ajabu, bali oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kuwa maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kukutana. Mafundi wa huku wote wanajua kuwa injini ya dizeli ya lita 3.0 iitwayo KZ-TE, iliyokuwamo katika Hilux na Prado za mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka iliyofuata, ni injini nzuri mpaka siku inapochemka; ikichemka mara moja, hedi yake hupasuka. Kwa hiyo ukiliona jina hilo, maji ya rejeta ndiyo ya kutazamwa kabla ya kitu chochote.

Mwambie muuzaji aliwashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi kidogo wa asubuhi unaopotea haudhuru. Moshi wa buluu usiokoma maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata baada ya injini kupata moto, hasa wenye harufu tamutamu, ni maji yanayoungua ndani. Mweusi mwingi katika dizeli mara nyingi ni nozeli au pampu, na vitu hivyo katika injini za kisasa zaidi ni ghali kuliko mtu anavyodhani.

Ama kilomita, ziamini kwa kadiri zinavyoshuhudiwa na vitu vingine. Namba inayosomeka katika dashibodi inaweza kurudishwa nyuma kwa dakika chache. Mpira wa pedeli ya breki haurudishwi nyuma kwa urahisi, wala ngozi ya usukani, wala kiti cha dereva kilichobonyea. Gari linalodai kilomita 140,000 huku pedeli yake imelika mpaka chuma kinaonekana, linasema uongo. Tazama pia matairi: ubavuni mna namba nne ndani ya duara refu, mbili za kwanza zikiwa ni wiki na mbili za mwisho mwaka. Tairi lililoandikwa 1412 lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012, na hata likiwa na meno mazuri limekwisha kuwa mpira mkavu. Matairi manne ya gari kama hili ni fedha nyingi, nazo zipunguzwe katika bei.

Kwa maoni yangu, kilomita nyingi zenyewe si aibu. Land Cruiser yenye ile injini kongwe ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, 1HZ, ambayo tumeizoea katika magari ya hospitali na ya misaada kote Afrika Mashariki, ikitunzwa hupita kilomita 500,000. Ningenunua gari la kilomita 320,000 lenye daftari la huduma na risiti zake, nikaliacha la 180,000 lisilo na hata karatasi moja. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa injini zenye mkanda; 1HZ inao, na desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Jibu la "juzijuzi tu" bila ya risiti lihesabiwe kuwa haukubadilishwa, kwa sababu ukikatika njiani hufa injini nzima.

Lala chini na tochi. Ndiyo, na nguo zako za Jumamosi. Hewa ya Johannesburg ni kavu na haili chuma sana, lakini gari lililoishi Durban au mji mwingine wa pwani laweza kuwa limeliwa na kutu katika chesisi huku juu linang'aa. Gonga chesisi kwa funguo; mahali palipooza hutoa sauti ya bati. Mafuriko ya KwaZulu-Natal ya Aprili 2022 yaliyazamisha magari mengi, kwa hiyo inua na mazulia: tope kavu katika reli za viti na harufu ya uvundo hazitokani na mvua ya dirishani. Chini ya gari, tazama difu zote mbili na ile giaboksi ndogo. Unyevu wa mafuta wenye vumbi ni uzee. Matone yanayodondoka ni bili. Katika Land Cruiser za miaka ya 1990 tazama nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye zile bakuli za chuma za duara. Grisi ikichanganyika na oili na kutapakaa hadi ndani ya gurudumu, sili zimekwisha, na kazi ya kuzibadilisha si ya nusu saa.

Kisha liendeshe mwenyewe, si dalali, redio ikiwa imezimwa. Zima pia mazungumzo, maana dalali hodari husema sana pale gari linapolia. Panda nalo mlima. Hapa kwetu ukiacha Malvern kuelekea Kensington miinuko ipo ya kutosha. Tazama mshale wa joto. Kaza breki mahali salama uone kama linavuta upande. Mwisho, tafuta mahali pa udongo au majani, uingize magurudumu manne, kisha na gia ya chini, uende mbele na kurudi nyuma. Muuzaji wengi watakuambia kuwa haina haja, kwamba inafanya kazi. Hapo ndipo unapolipa randi nyingi zaidi ya gari la kawaida, kwa hiyo kama haiingii, au inaingia kwa kishindo, umeuziwa jina tu. Usilijaribu hilo katika lami kavu kwa magari yasiyovuta kwa yote manne wakati wote, kwa sababu utaviumiza vyuma kabla hujavinunua.

Baada ya kuyaona yote hayo na moyo kutulia, bado hujamaliza. Mlipe mtu ambaye hana faida yoyote katika kuuzwa au kutouzwa kwa gari hilo. Viko vituo vya uchunguzi, kama vile vya Dekra, ambavyo hulipima gari na kukupa maandishi. Na yuko fundi wa mtaani wa dizeli unayemchagua wewe, si yule anayeitwa na muuzaji kutoka uwanja wa pili. Gharama yake ni ndogo mbele ya bei ya gari. Muuzaji akikataa gari lisitoke kwenda kupimwa hata kwa wewe kuacha pasipoti au dhamana, amekwisha kukujibu. Na tusidhani kuwa kumpima ndugu yetu katika dini ni kumtukana. Mimi sikumpima, na leo hatusalimiani.

Kuhusu fedha nasema kwa ufupi: ukiwa na randi 100,000, usinunue gari la randi 100,000. Tafuta la 70,000 au 75,000. Zinazobaki ni za oili zote, ikiwamo ya giaboksi zote mbili na difu zote mbili, mikanda, mipira ya maji, betri na breki, vitu ambavyo hufanywa mwezi wa kwanza bila ya kusubiri kuharibika. Kwa wale wanaoweza, zipo benki za Kiislamu hapa nchini, kama Al Baraka iliyoanza Durban mwaka 1989, zenye kuuza magari kwa murabaha bila ya riba. Ila gari lililozeeka sana na mteja asiye na karatasi kamili huwa vigumu kukubaliwa.

Limebaki la sheria, nalo ndilo ambalo ningelilijua lingeniokoa. Sheria ya Kumlinda Mlaji, namba 68 ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2011, inampa mnunuzi miezi 6 baada ya kukabidhiwa. Gari likidhihirika kuwa na kasoro, ana haki ya kulirudisha kwa mfanyabiashara aliyemwuzia, na yeye mnunuzi ndiye anayechagua: litengenezwe, libadilishwe, au arudishiwe fedha. Magari yaliyotumika yamo ndani ya sheria hiyo, ijapokuwa umri na kilomita huzingatiwa, na kilicholika kwa kawaida hakihesabiwi kasoro. Tena sheria haikuweka sharti la uraia. Imetaja hata kuwa si haki kumtumia vibaya mtu asiyeielewa lugha ya mkataba. Mimi niliambiwa habari hii na wakili wa bure mwezi wa 9.

Sheria hiyo haimgusi mtu binafsi anayeuza gari lake mara moja. Huyo huandika neno la Kiafrikana "voetstoots", yaani chukua kama lilivyo. Lakini hata neno hilo halimkingi aliyeijua kasoro akaificha kwa makusudi. Mfanyabiashara naye ana mlango wake: akikuandikia kasoro fulani waziwazi, nawe ukatia saini kuwa umeikubali, kasoro hiyo huna tena dai nayo. Basi usitie saini karatasi usiyoisoma, wala usisomewe na dalali. Kasoro ikitokea, simamisha gari, mwarifu muuzaji kwa maandishi, na usimruhusu fundi mwingine kufungua injini kabla hajajibu, kwa sababu utampa hoja kuwa wewe ndiye uliyeharibu. Akikaidi, iko ofisi ya msuluhishi wa biashara ya magari, MIOSA, ambayo haimtozi mnunuzi chochote.

Msomaji atafurahi kujua kuwa fiqhi yetu ilikwisha kupita hapo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu tuliotoka pwani, wameeleza kwa kauli yenye nguvu kuwa muuzaji akishurutisha kutodaiwa aibu yoyote, sharti hilo humwokoa na aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na si zaidi ya hapo. Mnyama hula na kuugua kwa siri; gari si mnyama. Mnunuzi anayo khiyari ya aibu, ila aitumie mara aijuapo aibu hiyo, si baada ya kuendelea kulipanda gari wiki tatu. Na iko khiyari ya sharti, ambayo wawili wanaweza kuiweka isizidi siku tatu. Siku tatu zatosha kabisa kulipeleka gari likapimwe. Kwa nini wauzaji na wanunuzi wa Kiislamu wa Malvern hatuitumii, sijui. Tunaisoma kitabuni kisha tunaiacha msikitini pamoja na kitabu.

Mwaka 2021 tulinunua tena. Safari hii nilikwenda na mke wangu, asiyejua kuendesha, nikiwa na tochi, kitambaa na karatasi ya maswali. Katika uwanja wa kwanza yeye ndiye aliyeonyesha kwa kidole pedeli ya breki iliyolika ndani ya gari la "kilomita 120,000". Katika uwanja wa pili boneti lilikuwa na moto. Muuzaji alicheka tuliposema tutarudi kesho, na kesho yake tukalikuta na moto tena. La tatu lilikuwa la mzee mmoja wa Bezuidenhout Valley, Hilux ya dizeli yenye kilomita 298,000 na risiti zilizojaa boksi la viatu. Lilikuwa limelala. Difu ya nyuma ilikuwa ikivuja, naye alitwambia kabla hatujalala chini kuangalia. Tukapunguziwa randi 4,000, tukaitengeneza wiki ile ile, na Julai ya mwaka uliofuata tulivuka Beitbridge.